Jitu la Pili Halikupiga Hodi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo tena, kabla chai haijapoa, nimetawala. Kutoka Mapinga mpaka Saadani hakuna anayeamua mambo ya watu wengi kama mimi, na wenye viti vya kuzunguka ofisini wanalijua hilo, wananyamaza tu. Asubuhi nimeua mashujaa wawili. Mmoja nimemfufua kwa kuwa aliomba kwa adabu. Nimezamisha kisiwa. Kisha nimekwenda sokoni kuuza barafu.

Naandika haya ili wajukuu wasije wakadanganywa na watu wengine.

Kundi letu la hapa Bagamoyo linaitwa Majitu ya Mwambao. Ni mchezo wa kuigiza, unachezwa kwa simu. Kila mtu ana kiumbe chake, anakisemea, anakisogeza kwa maandishi na kwa sauti, na mimi mwamuzi ndiye ninayesema kilichotokea. Jitu kubwa kuliko yote ni langu, Chewa Mwenye Miguu. Wenzangu wametunga ya kwao. Mimi sikutunga. Chewa nilimwona kwa macho haya nikiwa kijana, karibu na Mbegani. Alimeza mashua nzima na nahodha wake. Nahodha alitapikwa kesho yake, mzima, amenyolewa ndevu.

Kundi la Pangani limeleta ujumbe. Wanataka vita. Majitu yao na yetu, uwanja mmoja, siku moja, wachezaji wapige kura. Jitu likishinda, mwamuzi wake anachukua makundi yote mawili. Atakayeshindwa anakaa chini, mchezaji kama wachezaji.

Nimekubali kabla sijamaliza kusoma.

Jumanne, 5 Agosti

Mwamuzi wa Pangani ni Bi Rukia. Anauza vitambaa, na ulimi wake ndio mkasi. Jitu lake ni Mamba wa Mkonge, mgongo mzima umeota miba ya mkonge. Si baya. Ningelitunga mimi lingekuwa na mabawa.

Tumepanga sheria. Nilizifikiria mimi, yeye akawahi kuziandika. Jitu haliingii ardhi ya mwenzake mpaka lipige hodi na mwenyeji aseme karibu. Na mgeni akija na mgeni wake, huyo wa pili anapokewa kwa dhamana ya aliyemleta. Akivunja kitu, anaulizwa aliyemleta. Kama nyumbani kwa mtu yeyote.

Vita Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya alasiri.

Nikishindwa narudi barazani. Pale nikianza hadithi, mmoja hukumbuka mbuzi wake hajafungwa. Hana mbuzi. Kwenye kundi wananisubiri. Nikichelewa wanaulizana Mjomba yuko wapi. Kwa umri wangu huu, hakuna mahali pengine ninapoulizwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Maji hayajatoka tangu wiki iliyopita. Tangi letu la plastiki nyuma ya nyumba ni tupu. Vizuri. Ndiyo siri ya mngurumo wa Chewa: napanda juu ya tofali, naingiza kichwa na simu kwenye mdomo wa tangi, nanguruma. Mke wangu, Mama Zuhura, anasema majirani wanauliza kama nimepandisha mashetani. Nimemwambia awajibu ndiyo, wapate kuniheshimu.

Nimenguruma mara moja. Nikatuma makundi yote mawili, kuwatia hofu.

Bi Rukia akajibu: "Kaka, hilo la pili ni lipi?"

Nikasikiliza. Mngurumo wangu, mzuri. Kimya. Halafu kitu kingine. Si mngurumo. Kama mkeka unaburutwa juu ya mchanga, taratibu, kisha pumzi ndefu inavutwa. Kama mtu anayetaka kusema akaghairi.

Kichwa changu kilikuwa humo ndani. Sikusikia kitu.

Kundi likalipuka. Dulla wa Kerege, muuza soda, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa kuteleza ulimi, kaandika: "Mjomba hapo umetuua! Majitu mawili kwa mdomo mmoja!" Wakafuata wengine. Mpaka watu wa Pangani wakapiga makofi.

Nimejibu: siri ya fundi.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu. Sokoni biashara nzuri, barafu imeisha mapema.

Nimenguruma tena. Safari hii la pili halikusubiri zamu. Liliingia nikiwa katikati.

Nikampa Mama Zuhura asikilize. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha.

"Baba Zuhura, hilo linavuta pumzi. Mbona halitoi?"

Nikasikiliza upya. Kweli. Linavuta tu.

Alikwenda uani akaweka jiwe juu ya kifuniko cha tangi, akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Simu mbovu, ndivyo nilivyosema. Kioo kimepasuka, huenda upepo unapita. Nimeijaribu. Nimenguruma nyuma ya meza za samaki: sauti yangu, kunguru, na mtu ananitukana. Basi. Nimenguruma ndani ya friji la barafu. Basi. Nimenguruma kwenye mikoko, kaa wakakimbia, yupo mmoja alizimia. Basi.

Ni tangi.

Naogopa. Wajukuu waruke mstari huu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mchana, jua la utosi, kuku wamejilaza chini ya mkokoteni. Nimeondoa jiwe. Nimewasha simu irekodi, nimeining'iniza kwa kamba ndani ya tangi tupu, nimefunika. Nikakaa kwenye kigoda upande wa pili wa ua. Sikufungua mdomo. Hata kukohoa sikukohoa.

Nilipoitoa, ndani mlikuwa na mngurumo.

Mngurumo wa Chewa. Unaanzia chini, unapanda, unakatika pale pale ninapokatika mimi pumzi zikiniishia. Ila si mimi. Sauti ni ya mtu anayejifunza kuwa mimi. Mara ya kwanza kakosea, mara ya pili kapatia karibu yote.

Ningetupa simu. Nikaituma sauti kwenye kundi. Najidanganya kwamba nilitaka kujua wengine wanasikia nini. Nilitaka wanisifu.

Dulla: "Mjomba, leo umenguruma vizuri kuliko siku zote."

Imeniuma. Wallahi imeniuma.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Rukia anaandikisha majitu. Kila moja jina lake, chakula chake, linaogopa nini. Chewa: anakula mashua, anaogopa ndimu. Imepita.

"Na la pili?"

Nikaandika: dada, hilo si langu, na sijui ni nini. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma. Wakati ule ule Dulla akarusha: "Pangani fungeni virago, Mjomba ana jeshi!" Wakafuatia watu, vicheko, mikono ya makofi, jina langu juu na chini.

Nikafuta. Nikaandika upya: halina jina, ni mgeni wangu, dhamana ni mimi.

Bi Rukia akaandikisha hivyo hivyo. Kisha: "Haya kaka. Sikia lakini. La kwanza nitalikaribisha. Hilo la pili sijalisikia likipiga hodi hata siku moja."

Nikamsomea Mama Zuhura nikicheka, ili na yeye acheke. Akaniangalia. "Unamdhamini mtu usiyemjua hata baba yake?"

Nikamwambia mambo ya mtandao hayajui.

Ijumaa, 15 Agosti

Maji yametoka. Tangi limejaa nusu. Nimefurahi, kwa kuwa sasa lile la pili halina pa kukaa.

Mama Zuhura alichota ndoo ya kwanza, akaitazama, akaimwaga chini ya mpapai. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaingia nayo ndani. Sikuuliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika haya magharibi haijaingia. Mwandiko mbaya, wasinicheke.

Tumeanza baada ya alasiri. Makundi mawili yamefunguliana mlango, hata watu wa Ubena wameingia kutazama. Nikamwinua Chewa kutoka baharini. Akatembea, akaruka mto Wami kwa hatua moja, akapita Saadani, tembo wakampisha. Nimeandika vizuri, lazima nijisifu. Akafika mdomo wa mto Pangani. Nikaandika: Hodi! Mimi na mgeni wangu.

Bi Rukia hakujibu.

Watu wakaanza. "Karibisha mama!" "Pangani hamna adabu?" "Mgeni kasimama juani!" Dulla akaandika kwamba hata jitu lina miguu, linachoka.

Mwisho akaandika: "Karibu. Wewe na mgeni wako, kwa dhamana yako, kaka."

Zamu yangu kunguruma. Nikapanda tofali. Chini maji meusi, na kichwa changu kinanitazama. Nikanguruma kwa nguvu zote. Nikasikiliza kabla ya kutuma, nikirudia na kurudia. Mimi peke yangu. Hakuna mkeka. Hakuna pumzi. Sauti nyembamba ya mzee ndani ya plastiki.

Nikatuma, ningefanyaje.

Dulla: "Mjomba, Chewa leo kapaliwa?"

Mtu wa Pangani: "Huyo si chewa, huyo dagaa."

Kura zikaanza kwenda kwa Mamba. Nikazitazama zinakwenda. Nikaiona baraza. Nikamwona yule wa mbuzi.

Bi Rukia akatuma sauti ya Mamba wake. Yeye huirekodi jikoni, mdomo kwenye pipa la maji. Mfoko mrefu, mzuri, sina kinyongo. Ukaisha. Kimya.

Kisha, kutoka jikoni kwa Bi Rukia, Pangani, ukatoka mngurumo wa Chewa. Mkubwa. Umekatika ninapokatika mimi. Na mwishoni, kwa mara ya kwanza, ile pumzi ikatolewa. Yote. Siku zote hizi lilizovuta. Nikatega sikio, haimaliziki, haimaliziki.

Watu wakapagawa. "Chewa kaingia mdomoni mwa Mamba!" "Mjomba kavuka kwa sauti!" Kura zikageuka zote, hata za Pangani. Dulla akaniita bingwa wa mwambao.

Nilikuwa nimesimama juu ya tofali, simu mkononi.

Jumapili, 17 Agosti

Bi Rukia kapiga simu asubuhi. Siku zote hunianza kwa kejeli. Leo kanisalimia mpaka mwisho: habari za nyumbani, hali ya Mama Zuhura, Zuhura mwenyewe na mumewe, biashara ya barafu. Hapo nikajua ana hofu.

"Umeshinda, kaka. Kiti chukua. Ila niambie jambo moja. Ile sauti uliingiza wewe?"

Nikalitazama tangi.

"Wajukuu wamegoma kuingia jikoni. Na mimi sijachota maji tangu jana. Niambie ni wewe, nitakutukana, yaishe. Kama si wewe, basi wewe ndiye uliyemleta. Njoo umchukue."

Maisha yangu yote nimetafuta jambo moja la ajabu lililonitokea kweli. La chewa, la nahodha, la kaa, yote hayo nimebeba kwa kuwa sikuwa na lingine. Sasa ninalo. Limesikiwa na watu wa miji miwili. Ningemwambia, angeniamini, wa kwanza kuniamini. Na asingeingia tena jikoni mwake.

Nikasema: "Ni mimi, dada. Ujanja wa simu. Nilitanguliza sauti kwenye bando, ikakusubiri kwako."

"Kwenye bando?"

"Kuna namna."

Akashusha pumzi. "Mwanaharamu mkubwa! Umri wote huo, mvi kichwani! Nimekesha na Ayatul Kursi kwa ajili ya upuuzi wako!" Akanitukana vizuri, kwa mpangilio, mimi na tangi langu na shule niliyoikimbia. Nikamwacha. Katikati ya matusi nikasikia kata inagonga pipa. Anachota.

Nyuma ya kata nikasikia kama mkeka unaburutwa. Huenda alikuwa anafagia.

Sikumuuliza.

Jumatano, 20 Agosti

Makundi yote mawili sasa yangu. Jana wamenisubiri watu wa Bagamoyo na wa Pangani pamoja. Bi Rukia naye yumo, anacheza kama mchezaji. Nimemuulizia hali kila siku, nikisingizia mambo ya mchezo. Anasema salama. Anasema pipa wamelihamishia uani, ndani hapakuwa na nafasi.

Upepo mtulivu leo. Tangi limejaa. Jiwe liko juu yake.

Wachezaji wametaka mngurumo wa kufungulia mchezo mpya. Nimewatumia. Wamesema haujapata kutokea, umetoka kwenye kina cha bahari.

Umetoka kwenye sufuria la pilau. Jikoni, mchana, mlango wazi. Mama Zuhura alikuwa nyuma yangu amenishika shati, na nilimwomba mimi, na nilimwambia asiniachie mpaka nitoe kichwa.