Pale Ninapokohoa

Makambako,
Wilaya ya Njombe,
Tanganyika.
14 Julai 1951

Mpendwa ndugu yangu Laurenti,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani huko Elisabethville, na kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila umande ulioganda umeunguza viazi vyote vya bondeni.

Miaka sita sasa. Nikipita penye mianzi tuliyokuwa tukigema ulanzi mimi na wewe, natazama pembeni. Nina hamu na wewe, ndugu yangu, wala sioni haya kusema.

Mama yako hawezi tena kwenda kanisani kwa miguu. Mwezi wa Mei nilimwandikia ombi kwa Bwana Shauri wa boma, ili kampuni yako ya shaba ikuachie kabla mkataba haujaisha. Yeye, mama mkubwa wangu, akakataa katakata kutia dole gumba. Alisema barua zako zote zinaeleza kwamba u mzima na kazi ni nzuri, kwa nini akuvurugie kwa uzee wake.

Nilinyamaza, kwa kuwa kosa ni letu sisi wawili. Wewe shida zako unaziandika kwa kile Kifaransa cha kambini ili asijue, nami nikimsomea naziruka. J'en ai marre. J'en ai plein le dos. Maneno hayo tuliyapata tulipokuwa vitani Madagaska, kwa yule mpishi Mfaransa aliyekuwa akigombana na kuni mbichi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizi nikiyaona kwenye barua zako sicheki.

Bomani walitaka barua zako ziambatishwe na ombi, zote kwa Kiingereza. Hayo maneno ya mpishi yalinitoa jasho. La kwanza niliandika I am fed up. Karani Enoki akasema hayo ni maneno ya askari, ofisini hayafai, niweke I am tired. Nilikasirika sana. Kuchoka huko ni kwa mtu aliyetoka kupalilia, akila akalala kunakwisha. Huku kwako hakuishi.

Nikaenda Kichiwa, nikaketi jikoni kwa mama mkubwa niyaandike upya. Akauliza nafanya nini. Nikamjibu, nageuza barua za Laurenti.

"Basi nigeuzie na mimi pale unapokohoa," akasema. "Kila barua unayonisomea, kuna mahali unakohoa. Mwanangu yuko hapo."

Sikuweza kumdanganya tena. Nikamwambia yote kwa Kibena, moja baada ya jingine: kwamba yamekufika shingoni, kwamba mgongo wako umejaa, kwamba unaomba wakuache uvute pumzi. Hakulia. Alinyoosha kidole akaomba wino.

Ombi liliondoka Jumatatu. I am fed up nimeliacha palepale, Enoki anune apendavyo. Lakini mama mkubwa hataki usubiri boma ukipata njia nyingine. Hakuniagiza nikuambie uje kumuuguza. Amesema uje upumzike.

Na shida zako tangu leo ziandike kwa lugha ya nyumbani.

Mke wangu Fidelia anakusalimu, pia dada yako Oktavia na shangazi Telesia. Mama yako kila jioni anageukia jua linakozama, anachora msalaba hewani kwa ajili ya paji lako la uso. Mungu aufikishe.

Wako akupendaye, asiyekohoa tena,

Tarsis