Macho ya Mama Kulwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unaweza tena kuendesha baiskeli kwenda kigangoni kufundisha. Mama naye, presha yake imetulia? Sisi huku karibu na Bulyanhulu ni wazima, na mjukuu wenu Neema ameanza kutembea. Ningepiga simu, lakini vyumba vyetu ni vya mabati na kila neno linasikika kwa jirani. Haya si ya kusikiwa.

Unamfahamu kwa jina Mama Kulwa, bibi ninayepika naye chakula cha wachimbaji. Ndiye aliyenipokea nilipofika sina hata sufuria. Amepikia kuni miaka mingi, na moshi umemwachia macho mekundu.

Mwezi uliopita duara la mchimbaji Masanja na vijana wake, yaani shimo lao la dhahabu, lilikataa kutoa. Walichimba, wakasaga mawe, wakaambulia vumbi. Wakaenda kwa mganga. Waliporudi, Masanja hakuketi kula. Alisimama mbele ya jiko letu.

"Mganga amesema kuna mwanamke mzee mwenye macho mekundu," akasema. "Ndiye anayetufungia mali."

Vijana wake wakamgeukia Mama Kulwa. Yeye akaendelea kusonga ugali. Baba, unajua neno kama hilo huku kwetu linaweza kuishia kwenye mapanga. Nikafungua kinywa, akanishika mkono.

"Mwache, mwanangu. Maneno yakikosa wa kuyapokea huchoka."

Nikanyamaza. Lakini hayakuchoka. Pipa letu la maji tulilikuta limemwagwa, kisha mawe yakarushwa juu ya bati lake, ikabidi ahamie chumbani kwangu.

Hapo nikakumbuka ulivyotufundisha Mithali. Mstari mmoja unakataza kumjibu mpumbavu, usije ukafanana naye. Unaofuata unaagiza ajibiwe, asije akajiona ana hekima. Nilikuuliza tushike upi, ukasema yote miwili ni ya kweli, kazi ni kutambua umefika kwenye upi.

Basi mchana mmoja, mabenchi yamejaa watu, Masanja akaja. Nikamwekea sahani.

"Masanja, nitazame macho."

Akanitazama. Kuni zilikuwa mbichi siku hiyo, macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Mama yako kwenu anapikia nini?"

"Kuni."

"Na macho yake yakoje?"

Akainamia sahani.

"Huko kwenu nako mashimo yakikauka, mganga atamtaja nani?"

Hakuna aliyecheka. Masanja akasukuma sahani, akaondoka. Mimi nikarudi kuchochea kuni.

Hajaomba radhi mpaka leo, na kundi lake wanakula kwa mama mwingine. Hilo limetupunguzia wateja, sikufichi. Ila mawe hayarushwi tena, na Mama Kulwa amerudi kulala kwake. Jumapili iliyopita, mmoja wa vijana wale alikuja peke yake, akachuchumaa mbele ya bibi.

"Mayu, naomba ugali."

Alimwita mayu, Baba, kama amwitavyo mama yake kwa Kisukuma, na sikutegemea kulisikia neno hilo kutoka kwake. Nilitaka kumuuliza kama naye alirusha mawe. Mama Kulwa akaniwahi.

"Kabula, mwongezee mboga."

Nikamwongezea.

Nisalimie Mama. Nisalimie kaka yangu fundi baiskeli na mkewe, na shangazi auzaye dagaa sokoni Buseresere, mwambie kanga alizonipa bado nazivaa. Pia yupo yule mjane wa nyuma ya kigango, Bibi Mbuke, ambaye watoto humkimbia kwa sababu ya macho yake mekundu. Jumapili, kabla ibada haijaanza, msalimie kwa sauti, kisha umketishe benchi la mbele karibu na Mama, watu wote waone.

Ni mimi binti yako,
Kabula