Kiraka cha Chuma

Jumatatu, 3 Juni
Nimesugua tumbo la boti tangu asubuhi. Brashi ya waya, maji, kitambaa. Ni boti ya alumini ya kijiji, inayovusha wagonjwa mto Ruvuvu kwenda zahanati. Wiki jana iliingiza maji katikati ya mto, abiria wakakomba kwa sufuria hadi ng'ambo. Kamati imemsimamisha Mzee Sebastiani, mwendeshaji. Miaka kumi na moja kazini. Wanasema anaiburuta kwenye mawe.

Jumanne, 4 Juni
Nimeng'oa kiraka nilichopiga mwenyewe mwaka jana. Bati la chuma, na ribiti za chuma za kulibania. Chini yake alumini imekuwa unga mweupe. Kidole kimepita. Kwingine kote, hata penye mikwaruzo ya mawe, ni nzima.
Chuma na alumini vikigusana majini, alumini huliwa. Nilifundishwa hilo Mwanza. Nilikuwa na haraka, na chuma kilikuwa karibu.
Si mawe. Ni mimi.

Jumatano, 5 Juni
Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Ester wa hapa kijijini ameshikwa na uchungu. Boti haipo, wamembeba kwa machela kuzunguka hadi darajani. Wametumia saa nne njiani. Yeye na mtoto wako hai. Habari ilinikuta na msasa mkononi. Nikakaa chini.
Baadaye nimekata sehemu yote iliyooza, mpaka nikafikia alumini ngumu.

Ijumaa, 7 Juni
Mwenyekiti wa kamati kapita. Akauliza kama ni mawe. Nikasema bado nachunguza. Uongo. Nimejichukia.

Jumapili, 9 Juni
Kamati imekaa baada ya misa. Nikaweka kile kiraka mezani, nikasema yote.
Mzee Sebastiani akaniuliza, "Umejua tangu lini?"
"Tangu Jumanne, Mzee."
"Na mimi nikawa natazamwa kama mharibifu wiki nzima."
Akatoka nje.
Wamemrudishia kazi. Mimi nimalize boti hii, kisha watatafuta fundi mwingine. Ni haki yao. Imeniuma hata hivyo.

Jumatano, 12 Juni
Bati jipya la alumini, ribiti za alumini, gundi ya mpira pembeni kote. Tumeishusha mtoni. Mzee Sebastiani amevuka mara mbili. Ndani kukavu.
Aliporudi nikamwamkia. "Shikamoo, Mzee."
"Marahaba."
Akageukia boti. Alikuwa anawapakia watu. Nikakusanya vifaa vyangu, nikapanda mlima kwenda nyumbani.