Kovu Chini ya Sikio la Kaisari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mwenyewe usimpe karani, majina nimeyabadilisha kwa sababu mtu ninayemtilia shaka naye hulisoma gazeti hili, tena huanzia ukurasa wako.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na tisa, naishi hapa Sremska Mitrovica, ambako ukichimba shimo la kupanda vitunguu unakutana na Warumi, na kwa miaka arobaini nimekusanya sarafu zao, wakulima wananiletea zao sokoni Jumapili niwaambie ni za kaisari gani, napima, naangalia ukingo, nasoma herufi, na sijawahi kudanganywa. Ya kwanza kabisa aliiokota marehemu baba yangu kwenye shamba la mahindi, ya fedha, ina kichwa cha Kaisari Trajani na kovu dogo chini ya sikio, na hiyo ndiyo tunayoiweka kwenye mkate wa Krismasi, marehemu mke wangu Ruža alikuwa akiisugua kwa chumvi na siki mpaka ing'ae kabla ya kuificha kwenye unga, alifanya hivyo miaka thelathini na moja, na atakayeikuta kwenye kipande chake hukaa nayo mwaka mzima iwe bahati yake. Krismasi iliyopita aliipata mkwe wangu Ognjen, mume wa binti yangu wa pekee, Jelica.

Sasa sikia. Ognjen ni fundi wa meno bandia. Kazi yake ni kutengeneza kalibu na kumimina madini! Mwezi uliopita akanirudishia sarafu kabla ya wakati, akasema, "Baba, shika mali yako, naona inachubuka hapa ukingoni, nisije nikalaumiwa." Nisije nikalaumiwa! Mtu asiye na hatia husema hivyo? Nikaiweka kwenye mizani, gramu mbili na nusu, wakati ya fedha tupu inapaswa kupita tatu, na palipochubuka pana wekundu, shaba hiyo. Nikatafuta mshono ukingoni, ule wa sarafu za kumiminwa, hakuna, herufi ziko kali, kovu lipo pale pale chini ya sikio, yaani mjanja huyu amenakili hata kovu! Nimeitupa kwenye kopo la misumari. Simsalimii tena, akinimiminia rakija, pombe yetu kali ya matunda, nasubiri anywe yeye kwanza.

Juzi Jelica alinifuata jikoni. "Baba, mbona unamtazama mume wangu kama mwizi wa kuku? Sema neno, au Krismasi hii tunaila kwa mama yake Novi Sad, na mkate utaumega wewe na paka."

Je, nimshitaki polisi, au nimuumbue mezani mbele ya wote?

Mwenye Mashaka

*

Mzee wangu, pole kwa kufiwa. Mengine yote umejitakia.

Umeandika kurasa nne na hukuniambia kitu kimoja: kabla ya mwezi uliopita, sarafu hiyo ilikuwa na uzito gani? Nimesoma mara tatu nikitafuta. Hukuwahi kuipima! Za wakulima wote unazipima, hii ukaiamini kwa sababu ni ya baba yako.

Karani sikumpa. Nilimpigia simu rafiki yangu anayefanya kazi na sarafu za kale makumbusho, akacheka kabla sijamaliza. "Huyo mzee anajua kila kitu isipokuwa alichoshika mkononi," akasema. Haina mshono, herufi kali, nyepesi, nyekundu ndani: ni ya kughushi, naam, ila aliyeighushi ni Mrumi. Walichukua shaba, wakaivika ngozi nyembamba ya fedha, wakaigonga muhuri, wakaenda nayo sokoni. Wewe unazijua hizo, umeshamkatisha tamaa mkulima zaidi ya mmoja. Mwizi wako amekufa miaka elfu moja na mia tisa iliyopita, na hakumuoa binti yako.

Mshono haupo, ukasema ujanja. Kovu lipo, ukasema ujanja. Kijana amekuonyesha mwenyewe palipochubuka, huo nao ujanja. Angefanya nini ukamwamini?

Na aliyeichubua umemtaja kwa wino wako. Mkulima akikuambia amesugua sarafu kwa chumvi, nina hakika unamfokea soko zima lisikie. Kwa Ruža ulinyamaza miaka thelathini na moja, na hapo ndipo ninapokupenda kidogo.

Polisi achana nao. Mezani usiumbue mtu. Kesho, si keshokutwa, nenda kwa Ognjen kwa miguu yako, usimtume Jelica. Sema: "Mwanangu, nilikudhania mwizi, nimekosa." Akikasirika, kaa umsikilize mpaka amalize. Kisha mwombe Jelica aje kuoka mkate nyumbani kwako.

Lakini kabla hujavaa viatu, nenda kwenye kopo la misumari. Ule wekundu ukingoni, mzee wangu, ni kazi ya vidole vya mke wako. Itoe humo. Na usiisugue.