Baba, Nimeipima Trela Mara Mbili

Baba,

Nimenunua trela. Najua ungeuliza kwanza ni nani aliyeniuzia, halafu ungeuliza kama nilimtazama mtu au nilitazama bidhaa. Nilitazama bidhaa. Lakini nilikaribia sana kuharibu, na nakuandikia wewe kwa sababu hapa hakuna wa kumweleza bila kuambiwa nina roho mbaya.

Tangu tukuzike Voi, mimi na Mama tumebaki huku Texas, mjini Lewisville, jengo lilelile, ghorofa ya pili. Nimeacha kazi ya kudumu pale hospitali na kuanza zile za mkataba. Ni wiki kumi na tatu mji huu, halafu wiki kumi na tatu mji mwingine. Miji midogo inalipa vizuri wauguzi wanaokubali kwenda huko, shida ni mahali pa kulala. Mkataba wa kwanza nilipanga chumba, nikaenda na Mama, maana ningemwachia nani? Nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu, na mwenye nyumba alikuwa ameupaka rangi juu. Wiki ya tatu pumu ya Mama ikaamka. Alilazwa siku nne. Nimewauguza watu wengi, Baba, lakini sijawahi kuogopa namba ya oksijeni kama nilivyoiogopa ile ya Mama ikishuka. Nikasema sitamlaza tena ndani ya kuta nisizozijua.

Ndipo nikafikiria trela, hizi nyumba ndogo za magurudumu ambazo unazifunga nyuma ya gari na kwenda nazo unakokwenda. Gari langu ni lilelile unalolijua wewe, halina nguvu ya kuvuta kitu kikubwa, kwa hiyo ilibidi iwe nyepesi. Pesa zilitosha moja tu, tena iliyotumika. Na ilibidi iwe kavu, kwa sababu trela ikivuja maji yanaingia kwenye kuta, kuta zinaota ukungu, na Mama hawezi kuvumilia ukungu mara ya pili. Nikikosea kuchagua, yeye ndiye angelipa kwa kifua chake.

Nilianza Irving, kwenye kiwanja kimoja kikubwa kando ya barabara kuu. Neno nililolisikia kila dakika ni kwamba hii ni nyepesi, na ile nayo ni nyepesi. Nilimwuliza muuzaji, nyepesi ikiwa na nini ndani? Akacheka. Nikamwuliza tena. Ikaja kujulikana kwamba uzito anaonitajia ni wa trela tupu ilivyotoka kiwandani, haina betri, haina gesi, haina hata kijiko. Mtu hatembei na nyumba isiyo na kijiko. Nikamshukuru nikaenda zangu, na kwenye gari nikasikia mdomo wangu unafyonya kama ulivyokuwa unafyonya wewe ukitoka dukani kwa mtu.

Maana nilikukumbuka sana miezi hiyo. Nilikukumbuka ukizunguka Voi, Mwatate na Wundanyi na sanduku lako la mawe ya mizani, mkaguzi wa serikali ambaye wenye maduka wakimwona kwa mbali wanaanza kufuta vumbi. Hata ulipokuja huku na kufanya kazi ya kupakia masanduku ya abiria uwanja wa ndege, ulikuwa ukinyanyua begi la mtu unasema kilo zake, unakosea kidogo tu. Na nilikumbuka aibu niliyokuwa nikiona nikiwa mdogo, mwenye duka anakukaribisha soda na wewe unakataa hata maji. "Kazi kwanza, kukaribishwa baadaye." Niliona ni ukosefu wa adabu. Wenye maduka nao waliona hivyo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwenye kundi letu la simu la kanisa mtu akaweka picha za trela ya Baba Joy wa Missouri City, kule Houston. Ndogo, safi, nyepesi kwa maandishi, bei ninayoiweza. Mama alifurahi mpaka akaimba. "Angalau huyu ni mtu wetu." Mimi nikajiuliza mtu wetu anauza bei hiyo kwa nini. Nililichukua gari Jumamosi alfajiri, nikapita kwanza kwenye mizani ya malori, ile ya kituo cha mafuta ambapo unalipa kidogo wanakupa karatasi, nikamwomba Mama ateremke, nikapima gari langu likiwa peke yake. Mama akaniuliza tunapima nini. Nikamwambia tunapima matairi. Mungu anisamehe.

Tulipofika, Mama Joy alikuwa ametandika meza ndani ya trela yenyewe. Pilau, kuku, kachumbari, chai ya tangawizi kwenye chupa. "Karibuni ndani, feel at home!" Madirisha wazi yote. Zulia jipya kabisa, limebandikwa kila kona. Nilisimama mlangoni nikijua ninachotakiwa kusema, kwamba tutakula baadaye, acheni kwanza nione. Baba, sikusema. Mama alikuwa ameshaketi, Mama Joy alikuwa ameshapakua, na pilau ilikuwa inanukia vizuri. Nikala. Nikaongeza.

Unaona kosa langu? Ukishakula kwa mtu, unaanzaje kupiga magoti na kugonga kuta zake ngumi? Unaanzaje kunusa ndani ya kabati la mama aliyekupakulia paja la kuku? Nilipojaribu kubonyeza ukuta karibu na dirisha, Mama alinifinya chini ya meza mpaka nikatoa mkono. Baba Joy akaniona, akacheka vizuri tu. "Sister, hii trailer iliombewa. Pastor mwenyewe ali-anoint hiyo mlango. Sisi ni watu wa church moja, why would I lie to you?" Sikuwa nimemwambia kwamba anadanganya. Mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa hunifanya niketi sawasawa.

Nikashukuru chakula. Nikaomba nijaribu kuivuta kidogo, nione kama gari langu litaiweza. Hilo hakuna wa kulikataa. Kabla ya kuondoka nilifungua bomba la chini la tangi la maji, likatoa matone mawili, basi. Makabati nilikuwa nimeyaona, matupu. Baba Joy akaketi kando yangu, Mama akabaki na wenzake wakipiga soga. Nikaenda moja kwa moja kwenye mizani ya malori ya upande ule, nikamwomba Baba Joy ateremke, nikapanda nayo. Alinitazama kama mtu aliyenialika harusini nikaja na askari.

Karatasi ikatoka. Nikatoa uzito wa gari, ukabaki wa trela. Nikalinganisha na kibandiko cha kiwandani kilichoko mlangoni. Trela ile, tupu, ilikuwa na pauni karibu mia nne, yaani kilo kama mia na themanini, zaidi ya inavyopaswa.

"Hiyo ni bed mpya, sister. Na carpet. Halafu hizi scale za hapa haziko accurate, kila mtu anajua." Baba, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Ulikuwa ukirudi nyumbani unatuigizia wenye maduka, wote wana maneno hayohayo, mizani ndiyo mbovu. Na nikamkumbuka yule mama wa maharagwe wa Mwatate, aliyekuwa akiyanyunyizia maji alfajiri yawe mazito. Godoro na zulia, hata ukiongeza betri na mtungi wa gesi, havifiki pauni mia nne. Kitu cha bei rahisi kinachoongeza uzito bila kuonekana ni maji.

Tuliporudi niliomba ruhusa ya kuinua kona ya zulia, pale chini ya dirisha la kitanda. Sikungoja jibu. Nikainua. Ubao ulikuwa mweusi, na kidole changu kikazama kama kwenye mandazi yaliyolowekwa chai. Harufu ikapanda, ikaishinda pilau. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akakohoa mara mbili, akashika ukuta, akatoka nje mwenyewe bila kuaga. Kule Houston mvua zikinyesha hazinyeshi kwa mchezo, na trela ile ilikaa nje miaka, paa limepasuka kwenye kiungo.

Kama Baba Joy alijua, sijui. Siku nyingine nasema hakujua, alinunua hivyo kwa mtu mwingine akadanganywa naye. Siku nyingine nakumbuka zulia lilikuwa jipya. Kwenye kundi wakaandika kwamba Wakesho amekuwa mzungu, anakula pilau ya watu halafu anapeleka trela yao kwa mizani kama ng'ombe. Hakuna aliyeuliza mizani ilisema nini. Mama hakwenda kanisani Jumapili mbili kwa aibu, na ya tatu akaenda peke yake, akaketi mbele kabisa. Nilimpenda sana siku ile.

Niliyoinunua ni ya mzee mmoja mzungu wa karibu na Fort Worth. Hakutupa hata kiti. Alinipa ngazi, mpira wa maji na tochi, akasema nifanye ninavyotaka, akarudi kuangalia mpira wake kwenye runinga. Nikamshuku hapohapo, mbona anaamini hivi? Nilimwagia paa lile maji nusu saa nzima kisha nikaingia ndani kwa magoti, kona moja baada ya nyingine, na tishu mkononi. Kavu. Nikagonga kuta, nikabonyeza sakafu yote kwa kisigino. Nikalala chini ya trela kwenye changarawe na gauni langu nikatazama chuma. Mwili wake ni wa faiba, plastiki ngumu kama ya mashua, vipande viwili tu vilivyoungana katikati, kwa hiyo maji hayana njia nyingi za kuingilia. Kasoro nilizipata nikafurahi, maana kitu kisicho na kasoro kinaniogopesha. Matairi yamezeeka ingawa yanang'aa, meza ina ufa, rangi imepauka, choo hakuna. Matairi nimebadilisha. Nikaipima, ikalingana na kibandiko, ikazidi uzito wa betri na mtungi wa gesi tu. Siku ya pili nikaipima tena kwenye mizani nyingine, maana ulinifundisha kwamba mizani moja ni shahidi mmoja.

Sasa tuko ndani yake, kwenye uwanja wa trela hapa upande wa Fort Worth. Tumekaa siku tisa kwa majaribio, Jumatatu naanza mkataba. Mama ameshatundika pazia. Ameshagombana na jirani kuhusu mbwa. Amesema nyumba hii ni ndogo lakini haimsengenyi mtu.

Baba, jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Trela nyepesi ina kiwango chake cha mizigo, kwa hiyo wakati wa kuhama Lewisville nilipima kila kitu kwenye ile mizani yangu ya bafuni. Sufuria, blanketi, Biblia, kila kitu. Mama alitaka kubeba kabuti lako la baridi. Nikaliweka kwenye mizani, namba ikakataa kuingia akilini. Nikalitikisa. Ndani, kwenye kitambaa cha upande wa moyo, kulikuwa na mifuko miwili iliyoshonwa kwa mkono, na ndani ya mifuko mawe yako ya kazi, mawili ya kilo moja na moja la kilo mbili.

Ulikuwa ukisema unasikia baridi. Kila Jumapili nilikupima sebuleni, ulikataa kuvua kabuti, nami nikaandika namba kwenye daftari na kusema afadhali, Baba hajapungua. Mimi muuguzi. Nilikuona mashavu yanaingia ndani nikaamini mizani. Wewe uliyewapeleka watu kortini kwa mawe ya uongo, ukanidanganya mimi kwa mawe ya kweli, ndani ya nyumba yangu. Labda uliogopa ningeacha masomo ya ile leseni ya uuguzi ya huku. Labda ulijua tayari kwamba ugonjwa unakumaliza, na hukutaka siku zako za mwisho ziwe za hospitali. Nina hasira na wewe, Baba, hasira ambayo siwezi kumwonyesha Mama. Nimemshuku Baba Joy, nimemshuku yule mzee, nimewashuku wauzaji wote kutoka Irving hadi Houston, na wewe sikukushuku hata siku moja.

Asubuhi hii Mama amelala baada ya chai, kitanda cha dirishani. Nilimwuliza kifua kinaendeleaje. Akasema, "Niko sawa, mwanangu, usinisumbue." Alikuwa anatabasamu, rangi yake nzuri, hajakohoa tangu tuhamie. Nikachukua kile chombo changu cha kusikilizia mapafu, nikakipasha moto kiganjani, nikamwambia afungue vifungo. Alinung'unika sana. Nikasikiliza mbele, nikasikiliza nyuma, juu na chini, nikarudia.

Mapafu yake ni safi, Baba. Niliyasikia mwenyewe.

Pumzika Voi, nakupenda na nitaendelea kukukasirikia. Ninachokuahidi ni kwamba Mama akisema yuko sawa, sitamwamini.

Wakesho wako