Mgeni Aliyekula Mafuta ya Dubu

Ittoqqortoormiit,
Mwezi wa Oktoba

Kwako dada yangu mpendwa Ukaleq,

Pokea salamu zetu sote, na za mbwa pia, kama huko mjini Nuuk bado mnapokea salamu za mbwa. Miguu yako inaendeleaje? Shemeji ameacha kukoroma, au wewe umeacha kumsikia? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Bahari imeanza kuganda kandokando, na mume wangu Aneeraq ameshaivuta mashua nchi kavu.

Najua unataka kwanza habari za mwanangu Inaluk. Amerudi nyumbani. Amekonda, akipanda ngazi anapumzika katikati kama bibi kizee, lakini anacheka na anauliza mama mkubwa atakuja lini. Kile kifaduro kilikuja na meli ya mizigo. Watoto wote hapa walikohoa, wenzake wakapona. Yeye alikohoa mpaka midomo ikawa rangi ya wino, ndipo tukachukuliwa na helikopta.

Hospitalini daktari alishangaa, kwa kuwa mtoto amechanjwa chanjo zake zote. Nilikasirika nikidhani ananiita mwongo. Kumbe sivyo. Walimpima damu, daktari akaniita pembeni na kunieleza kwamba chanjo zilichomwa kweli, ila mwili wa mtoto haukujenga kinga kama inavyopaswa. Akauliza tunakula nini. Nikamjibu tunakula chakula: sili, dubu, nyangumi.

Basi akanieleza. Zile sumu za viwandani, zikiwemo zinazotiwa kwenye makoti yasilowe na vikaango visishike chakula, haziozi, dada. Zinasafiri na upepo na maji mpaka kwetu. Kijidudu cha baharini kinazimeza, samaki anakila kijidudu, sili anamla samaki, dubu anamla sili, na sisi tunamla dubu. Kila mmoja anarithi mzigo wa wote waliomtangulia. Nyingine hujificha kwenye mafuta, nyingine kwenye ini na damu, na wanyama wenyewe zinawalegeza kinga vilevile. Na nyingine hupita kwenye maziwa ya mama. Hilo la mwisho alilisema polepole, mkono wake uko gotini kwangu. Wewe tafadhali usinijibu kitu juu ya hilo.

Huku kwetu hata mti hakuna, seuze kiwanda! Watu ambao hawajui hata kulitamka jina la kijiji chetu wamenitilia uchafu wao kifuani, na hawakuona haja hata ya kubisha hodi.

Lakini baadaye walibisha. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja, Torben Krag, ametumwa na wenye viwanda wa kusini kuja kutusikiliza. Msikilizaji gani anayekuja na kipaza sauti chake mwenyewe? Alikuwa na meno mengi na koti jipya, theluji ikilidondokea inateleza kama imeona aibu. Alitukusanya ukumbini akatuambia kwamba dubu wetu wanapendeza, sili wetu wamenona, na wataalamu bado wanabishana. Alilitamka neno “wanabishana” kwa utamu, kama mtu anayekulaza usingizi.

Nilimtazama Aneeraq. Masika ya mwaka huu aliwakuta sili wawili wamelala juu ya barafu, macho yanachuruzika, wanakohoa, na hawakukimbia hata alipowafikia. Nyama yao hakuwapa hata mbwa. Nyumbani aliniambia hayo kwa sauti ya chini. Ukumbini alitazama viatu vyake. Anaogopa kukimbiwa na wanunuzi, kama wawindaji wote wanavyoogopa. Basi nikasimama mimi, nikauliza kama mwanangu naye ni mmoja wa wanaobishana.

“Swali zuri sana, mama,” akasema yule bwana.

Mtu akikuambia swali lako ni zuri, ujue jibu lake ni bovu. Badala ya jibu akaomba sahani. Dada, alikula mafuta ya dubu mbele ya watu wote, kipande baada ya kipande, akaramba vidole, akasema hajawahi kula kitu kitamu namna ile. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wazee wakasema, “Huyu ndiye mwanamume!” Na aliyepiga makofi kuliko wote ni Aneeraq.

“Kula, baba, kula ushibe!” nikapaza sauti. “Keshokutwa uko kwako na kuku wako. Mwanangu anayala hayo tangu yuko tumboni.”

Watu wakacheka, wakidhani nafanya mzaha. Naye akacheka. Kisha, sikia hili, akawagawia watoto zawadi: makoti. Makoti yasiyolowa maji! Sijui kama alikuwa mjinga au mshenzi, na sikuona sababu ya kuchunguza. La Inaluk nililitupa jalalani. Jirani akaliokota, akanishukuru.

Sasa dada, kaa chini. Katika barua yako ya mwisho ulimtukana yule mwanamke wa redioni, aliyesema wajawazito na watoto waache mafuta na maini ya dubu wa huku, badala yake watumie samaki na wanyama wanaokula mimea. Uliandika kwamba mdomo wake ni kama mlango wa choo, haufungiki, na kwamba atawaua wawindaji kwa njaa. Mwanamke yule ni mimi. Walilificha jina langu, wakaikoroga na sauti.

Aneeraq alinitambua nilipotamka tu “mwanangu”. Hakupiga kelele. Alizima redio, akatoka akawalisha mbwa, akarudi akasimama mlangoni.

“Ungeniambia kwanza,” akasema.

“Ningekuambia, ungepiga makofi kama ukumbini,” nikamjibu.

Nikaendelea kuosha vyombo. Asubuhi aliwafunga mbwa kwenye sleji akaenda ziwani, akarudi na samaki. Akampikia mtoto mwenyewe bila kunitazama, naye Inaluk akala akaomba tena. Tangu hapo ameanza kuwaambia wenzake habari za wale sili wawili. Baadhi yao wamemkasirikia, na wake zao dukani hunigeuzia migongo. Nyama yake haijapata mnunuzi. Sisemi tutaishije, kwa sababu sijui. Ila wale waliompigia makofi mgeni, na sasa wananinunia mimi, siwezi kuwaonea haya.

Msalimie shemeji, wasalimie na watoto, na jipake mafuta miguuni kabla ya kulala. Jumatano, baada ya habari za hali ya hewa, redio watanipigia tena. Nimewaambia safari hii wasifiche sauti, na watangaze jina langu lote. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa jina.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bibiane