Niliomba Mvua ya Mawe Ivuke Mto

Mpendwa mshauri Mama Akeyo,

Naomba msaada, ingawa mimi ni mtu niliyezoea kushinda mijadala, na nimesoma vitabu vya kutosha vya dini na falsafa kuyajua mapema mengi utakayoniambia. Nilihitimu chuo kikuu nikarudi kwetu karibu na Roret kungoja kazi ambayo haijaja, na ng'ambo ya mto anaishi Kimutai, botum wangu, yaani tulikaa jandoni pamoja, ambaye aliacha shule mapema, akapanda chai, akaoa, akajenga, na ambaye mama hunitajia kila asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni: "Kimutai ameshaingia shambani. Wewe bado unasoma?"

Mwezi uliopita wingu la mvua ya mawe lilisimama juu ya bonde letu, mama akapiga magoti jikoni akiomba litupite, nami nikasimama mlangoni nikaomba vilevile, ila moyoni nikaongeza maneno ambayo mama hakuyasema: livuke mto, limpate Kimutai. Likavuka. Michai yake ilibaki vijiti vitupu. Kwenye michai ya mama halikudondoka jani.

Kesho yake alikuja akicheka. "Botum, huyo Mungu wenu ana shabaha! Ameruka mto akanilenga mimi tu." Kisha kicheko kikamwishia, akasema, "Niombee basi. Wewe una maneno." Nikaiombea chai yake ichipue upesi, na nilipoichunguza sala hiyo niligundua kwamba nilitaka ichipue ili mimi nipate usingizi, wala sikuwa nimewafikiria watoto wake, na tangu hapo kila nikifumba macho najihoji kama wakili na sifiki kwenye amina. Sasa mama amemwahidi pasta kwamba Jumapili nitatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyoliokoa shamba letu, na Kimutai huketi benchi la mbele. Usiniambie kwamba mawingu husukumwa na upepo, hilo nalijua. Niambie mtu mwenye nia iliyooza ana haki gani ya kuomba, na kama nisimame au nisisimame.

Noah, Roret

Noah,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekutana na mtu anayejisikiliza. Unajua kwamba upepo ndio husukuma wingu, lakini hulali, kana kwamba ulilisukuma wewe. Hukusogeza hata tone. Ulimtakia mabaya mtu mliyevumilia naye jandoni, kwa sababu ana nyumba na mke na wewe una cheti. Huo ni wivu, kijana wangu. Ni jambo la kawaida kabisa, na nadhani ukawaida wake ndio unaokuudhi.

Mama yako aliomba wingu lipite, akaishia hapo. Hakukosea. Wewe ulimchagulia Mungu mahali pa kulimwaga.

Sasa unangoja nia yako ichujwe kama maziwa ndipo uombe? Utazeeka. Omba hivyo hivyo, ukisema ukweli: namwonea wivu, na nataka usingizi. Kisha taja watoto wake kwa majina. Ukikuta huyajui, nenda ukayaulize.

Na uende kabla ya Jumapili. Kimutai atakaa miezi bila jani la kupeleka kituo cha kununulia chai, na ninyi mnalo. Mpeni nusu ya mistari yenu ya chai aichume na kupeleka kwa jina lake mpaka michai yake ikomae tena. Shamba ni la mama yako, kwa hiyo mwombe ruhusa kwanza, na akiuliza sababu, mwambie yote. Halafu vuka mto, umwambie Kimutai uliomba nini pale mlangoni. Usiweke falsafa. Akicheka, cheka naye. Akikutukana, nyamaza, hata kama una jibu zuri sana. Asubuhi inayofuata funga kikapu mgongoni mkachume pamoja.

Jumapili usisimame. Ushuhuda huo ni wa upande mmoja wa mto. Nenda benchi la mbele, uketi kando ya Kimutai, kama atakusogezea nafasi.

Mama Akeyo